Mikono Minne ya Mungu wa Manjano

Ninyi mnaopita dukani kwetu Kensington siku za Jumamosi na kuniuliza, "Dada Nyota, kweli zamani mlikuwa mnaandika mabango kwa mkono?" mnanizeesha. Nina miaka thelathini na mmoja. Hiyo "zamani" yenu ni juzi tu. Lakini mnaponiita mstaafu sibishi, maana kazi ile imekwisha na mimi mwenyewe ni mmoja wa waliosaidia kuimaliza. Siku hizi nakaa mbele ya kompyuta, nabonyeza, na mashine inakata herufi za stika zikiwa zimenyooka zote. Mtu mwenye tabia yangu alipaswa kufurahi.

Mkiniuliza ana kwa ana kwa nini niliacha brashi, nawajibu kwamba stika zilitushinda. Hilo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine siwezi kuisema huku mtu ananitazama, ndiyo maana naandika. Ndani yake yumo kijana aliyeitwa Dezire, na mungu mmoja wa Waazteki, watu wa kale wa Meksiko. Yumo pia mtu aliyeoza kwa wivu, na huyo ni mimi.

Nianze na kazi, maana najua wengine mtasoma kwa ajili ya kazi tu.

Hakuna aliyenifundisha. Nilifika Yeoville, mtaa wa Johannesburg, kutoka Uvira, na mwaka 2015 nikaanza kunakili maandishi ya pakiti za sabuni na makopo ya maziwa juu ya maboksi, kwa rangi iliyobaki ya jirani. Herufi S niliirudia mpaka jirani akaficha rangi. Bango langu la kwanza lilikuwa la saluni. Nilichora kichwa cha mwanamke mwenye misuko, na kila msuko nikaupa nywele zake, mmoja mmoja, siku nne. Siku ya tano mwenye saluni alikuja na kiti, akaketi nyuma yangu. "Dada," akasema, "mimi kusuka mteja mzima ni saa tano. Wewe uko siku ya tano na hajapata sikio."

Kosa la pili lilinitoa machozi. Nilipaka rangi ya mafuta ukuta wa duka la simu saa sita mchana, jua la Januari likiupiga. Kufikia alasiri ukuta mzima ulikuwa na malengelenge kama mtoto mwenye tetekuwanga. Nikiwa nimesimama pale nikitamani kufa, kijana mmoja mwenye kofia iliyojaa madoa akanisogelea kutoka ng'ambo ya barabara, akaupima ukuta kwa macho, akaniambia, "Fuata kivuli, dada. Asubuhi paka ukuta unaotazama magharibi, jioni unaotazama mashariki. Jua likikuona unafanya kazi, linakuja kusaidia, na msaada wake ndio huo."

Ndivyo nilivyokutana na Dezire. Alikuwa mtu wa Bujumbura, mji unaotazamana na wetu juu ya maji ya ziwa. "Tangu mtoto nilikuwa naona taa za kwenu," alipenda kusema. "Zilikuwa chache."

Tukawa tunafanya kazi pamoja kwenye baraza la Mama Riziki, mshonaji kutoka Kalemie. Yeye alishona ndani, sisi tulipaka nje, na tulilipia nafasi hiyo kwa kumwandikia bango jipya kila alipochoka na la zamani. Kutoka kwake nilijifunza jambo ambalo hakuna mchoraji angeniambia. Chora picha yako kwenye karatasi, pitisha juu ya mistari kile kigurudumu chenye meno ambacho washonaji hutumia kuhamishia alama za mkato, kiitoboe karatasi, kisha bandika karatasi ukutani na uipigepige kwa kitambaa chenye unga wa mkaa. Ukiibandua, picha yote imebaki ukutani kwa vidoti. Mimi sikugusa ukuta bila vidoti. Dezire hakuvitumia hata siku moja.

Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanza. Dezire alichora duara bila sahani. Alisimama, akavuta pumzi, mkono ukazunguka, duara likawepo. Nilipokwenda nyuma yake na kamba kulipima, lilikuwa duara. Alilala vizuri usiku, alicheka na wateja, na alimaliza bango kwa siku moja. Watu walipita wakisimama kumtazama, kisha wakinikuta mimi na rula yangu wananiuliza kama nimemwona. Nilimwonea wivu wa mkono, wa usingizi, hata wa ile kofia chafu. Akisifiwa, niliosha brashi zilizokwisha kuoshwa.

"Nyota," Mama Riziki aliniambia siku moja bila kuinua macho kwenye cherehani, "wivu yako inanuka kupita tapentaini."

Nilikuwa na faraja moja tu. Dezire hakujua kuchora mikono.

Hiyo ni siri ya kazi yetu. Wachoraji wengi wa mabango huogopa mikono, ndiyo maana watu wengi wa kwenye mabango ya saluni huishia mabegani. Dezire aliwahi kuchora kinyozi ameshika mashine, na mtaa mzima ukaliita lile duka Kinyozi wa Ndizi. Tangu hapo aliificha mikono ndani ya nywele, nyuma ya taulo, popote. Mimi nilijifunza mikono mwaka mzima, kwenye vijitabu vya kliniki na picha za vitabu vya shule. Niliweza mkono uliofungwa, uliofunguka, unaoshika kikombe. Vidole vyangu vya kuchora vilinyooka kama penseli mpya.

Niseme "vyangu vya kuchora", maana vyangu vya mwilini ni habari nyingine. Kidole kidogo cha mkono wangu wa kulia kilibanwa na mlango Uvira nikiwa na miaka sita, na kikapona kikiwa kimepinda kutazama nje. Nikishika brashi kinasimama peke yake. Dezire alikuwa akikiinamia na kuuliza, "Leo kinasikiliza redio gani?" Sikucheka.

Mwaka 2017 alikuja Lerato. Alikuwa anafungua mgahawa wa vyakula vya Meksiko kule Randburg, na alitaka ukuta mrefu wa ndani uchorwe miungu ya kale. Alikuwa na picha kwenye simu. "Huyu wa manjano," akasema, "nimempenda rangi. Kila mmoja anichoree huyu kwenye ubao. Atakayenipendeza, ukuta ni wake."

Ukuta wa mita kumi na mbili, ndani, pasipo jua wala vumbi la Agosti. Sikuwahi kuutaka mwili wa mtu, wala nyumba ya mtu, jinsi nilivyoutaka ukuta ule. Nilijua kwamba atakayeupata ndiye atakayeitwa mchoraji, na mwingine ataitwa yule anayefanya kazi naye.

Dezire aliitazama picha mara moja, akarudi kwenye bango la bucha. Mimi nilikwenda maktaba mjini wiki mbili. Nililipia nakala za rangi mpaka mkutubi akawa ananisalimia kwa jina.

Mungu yule anaitwa Shipe Totek. Maana yake, kwa namna walivyoieleza wengi, ni Bwana Wetu Aliyechunwa. Nilipoelewa kwa nini, nilifunga kitabu kwanza. Ile manjano si nguo. Ni ngozi ya mtu mwingine. Wakati wa sikukuu yake mateka walitolewa kafara, wakachunwa, na watu wengine wakavaa ngozi zile siku ishirini, mpaka zikawaishia mwilini. Wapo wanaosema ilikuwa mfano wa mbegu, ambayo ganda lake lazima lioze juu yake ndipo mche utoke. Wafua dhahabu ndio waliomheshimu zaidi. Nilipenda hilo. Mafundi wana mungu wao, na mungu wenyewe anatisha.

Katika vitabu vya picha vya kale, vile vya kabla ya wageni wa Kihispania, anachorwa kwa mstari mweusi na rangi bapa ndani yake, bila kivuli, vilevile kabisa kama sisi tunavyopaka bango la saluni. Ana mstari mwekundu unaopita usoni kwenye jicho, kofia ndefu iliyochongoka, fimbo ya manyanga mkononi. Midomo yake ni miwili, mmoja ndani ya mwingine. Na uso umetulia, kama mtu anayesubiri zamu. Picha zilizochorwa baada ya wageni kuja zina kivuli, zina ardhi chini ya miguu, na damu imeongezeka. Mchoraji ni mwenyeji, lakini unahisi kuna mtu amesimama nyuma ya bega lake akisema ongeza. Niliona pia picha ya mateka amefungwa kwa kamba kwenye jiwe la mviringo, anatakiwa kupigana na mashujaa wenye silaha kamili, na yeye kapewa rungu ambalo mahali pa meno ya jiwe limebandikwa manyoya ya ndege. Niliitazama picha hiyo muda mrefu kuliko nyingine zote.

Lakini cha muhimu kwa habari yangu ni mikono. Huyu mungu ana minne. Miwili ni yake, inashika vitu. Miwili mingine inaning'inia chini ya vifundo, mitupu, vidole vikitazama ardhi. Ni mikono ya yule aliyechunwa. Hawakuikata, waliiacha ining'inie.

Mikono minne! Nilidhani Mungu wa kweli amenikumbuka. Picha pekee duniani inayohitaji mikono minne, na nashindana na mtu asiyeweza hata mmoja.

Tuliweka mbao mbili barazani, mgongo kwa mgongo. Siku ya tatu Dezire alinizungukia akiwa ameshika simu, kaikuza picha kwa vidole viwili.

"Dada Nyota, wewe umesoma. Hii mikono mingine inayoning'inia chini ya mikono, ni ya nani?"

Mama Riziki alichungulia kutoka ndani. "Mikono ine? Miye nashona shati ya mikono mbili na inanichokesha. Huyu nani anamushoneaka?"

Dezire alicheka, lakini macho yake yalibaki kwangu. Alikuwa anaogopa. Nilikuwa sijawahi kumwona akiogopa ubao, na nitawaambia ukweli, ilikuwa tamu.

"Ni kosa," nikasema.

"Kosa?"

"La aliyenakili. Vitabu vile vilinakiliwa mara nyingi. Mmoja kakosea, wengine wakamfuata. Iondoe."

"Una hakika?"

"Mimi hunijui?"

Alinijua. Alijua kwamba naweza kurudia herufi S mpaka kiza kiingie, kwamba sibahatishi. Akashusha mabega, akasema, "Umeniokoa, watu wa Uvira mbarikiwe na taa zenu tatu," akarudi upande wake akipiga mluzi. Nikachora mikono yangu minne, na mstari wangu haukuyumba hata kidogo. Hilo linanitisha mpaka leo.

Siku ya kuonyesha, tulizipeleka mbao Randburg. Mgahawa ulikuwa bado unanuka saruji. Lerato alitupokea akiwa ameshika gwinya, andazi la kukaangwa lenye nyama ndani, kwenye karatasi, maana hakuwa amekula tangu asubuhi. Tuliziegemeza mbao ukutani, zikiwa bado zimefunikwa. Mimi nikajitolea kufunua wangu kwanza.

Lerato alikaa kimya. Nikadhani kimya kile ni sifa, nikaanza kueleza. Hapo ndipo vijana mnisikilize: kazi yako ikinyamaziwa, nawe nyamaza. Mimi nilikuwa na wiki mbili za maktaba kifuani zikitafuta mlango. Nikamweleza manjano ni nini. Nikamwonyesha mshono kifuani, mahali moyo ulipotolewa. Nikamwonyesha mikono. "Hii miwili ya chini," nikasema, na nikaigusa kwa fahari, "ni ya mateka aliyechunwa. Wachoraji wote wa kale wameichora. Ukiiona mikono hii ndipo unajua ndiye yeye. Bila hii si mungu, ni mtu tu wa manjano."

Lerato alilikunja gwinya lake taratibu ndani ya karatasi, akaliweka dirishani.

"Eish," akasema.

Na hapo hapo, kabla sijafunga mdomo, nikasikia nilichosema. Nikageuka. Dezire alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yangu, ameshika kitambaa kilichofunika ubao wake, ambao ulikuwa na mungu wa mikono miwili. Hakuwa amekasirika. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mtu anayemfahamu na kulisahau.

"Tuone wako," Lerato akamwambia.

Akafunua. Mungu wake alikuwa mnene kidogo, wa manjano ya embe, mstari mwekundu ukishuka usoni kama brashi iliyopita mara moja, haraka. Mikono yake miwili ilikuwa mibaya, ndizi zilezile. Lakini alikuwa hai. Ungedhani amefungua mlango akakukuta.

"Huyu mbona hana ile mingine?" Lerato akauliza.

Nilisubiri. Dezire alikuwa na haki ya kusema. Neno moja lingetosha.

"Nimemwachia yake tu, Madam," Dezire akasema. "Watu watakula hapa."

Lerato akacheka, akachukua gwinya lake dirishani. "Sharp. Ukuta ni wako." Na alipoona uso wangu, akaongeza, "Wako ni kazi kubwa sana, dada. Ila mimi nauza nyama."

"Nitafanya naye," Dezire akasema. "Ananishinda mistari. Na mikono."

Mnaelewa nilichokuwa nimefanya? Ningemwambia ukweli siku ile, angechora mikono minne mibaya, na mbao zote mbili zingemtisha yule mwanamke. Uongo wangu ndio uliompa ukuta. Na sikuweza kumlalamikia mtu yeyote, maana kila lalamiko lilianzia kwenye mdomo wangu. Wivu nilidhani una mwisho wa kina chake. Siku ile niliona hauna.

Tulifanya kazi pale wiki tatu. Yeye juu ya jukwaa, mimi chini, nikipaka pindo la chini ya ukuta, lenye mchoro wa ngazi na miraba, kwa utepe na kamba ya chaki. Pindo lile limenyooka, nendeni mkalipime. Tulizungumza rangi na tapentaini tu. Alikuwa hapigi mluzi.

Nilikuwa na tumaini moja baya: kwamba akifika kwenye mikono ataniomba. Nilijitayarishia hata jibu. Nilitaka kukataa kidogo kwanza, aombe tena, ndipo nipande. Siku ikaja. Nilisikia brashi yake imesimama juu yangu. Nikaendelea kupaka, shingo imekakamaa, nikisubiri. Alikaa muda mrefu bila kufanya kitu, na nilihisi ananitazama. Nikajisemea, anatafuta maneno. Kisha brashi ikaanza tena. Alichora mwenyewe, siku mbili nzima, yeye aliyemaliza bango kwa siku moja. Kila baada ya muda brashi inasimama, ananitazama, inaanza. Sikuinua uso. Niliapa sitaitazama ile mikono, mizuri au mibaya, na nikatimiza. Ukimya wa siku mbili zile niliuita kiburi chake.

Siku ya mwisho, tukiosha brashi kwenye sinki la jikoni, nikajikaza. "Dezire, yale ya mikono. Siku ile barazani..."

"Nilisikia," akasema. "Nilikuwa nimesimama pale pale."

"Nilijua ni ya nani. Nilijua tangu mwanzo."

"Ndiyo." Akakamua brashi, akaitengeneza ncha kwa vidole. "Niletee kitambaa kikavu."

Nikamletea. Hakuna zaidi. Miezi miwili baadaye alihamia Durban, kwa kaka yake. Alimuaga Mama Riziki kwa bango jipya. Mimi aliniaga kwa kunipa kofia, nikaikataa kwa sababu ni chafu. Ndiyo, nilisema hivyo.

Baada ya hapo nilipata nilichokitaka. Nikawa mchoraji pekee kwenye baraza lile, watu wakisimama wananikuta mimi. Na kazi ikafa mkononi. Nilipokosa mtu wa kumwonea wivu nikagundua sikuwa na sababu nyingine ya kuamka. Nilikuwa nimekaa miaka ndani ya ngozi ya mtu mwingine, na mikono yangu mwenyewe inaning'inia. Stika zilipofika mtaani, zilinikuta nimeshachoka.

Mwanzoni mwa 2019 Lerato alinipigia simu. Bomba lilipasuka darini, maji yakashuka ukutani. Yalikuwa yameharibu anga na kofia ya mungu. Nikaenda na makopo yangu, nikapanda ngazi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwa juu kule. Nilipaka kofia, nikashuka daraja tatu, na macho yangu yakawa sawasawa na mkono wa kulia ulioshika fimbo ya manyanga.

Haukuwa ndizi. Ulikuwa mkono bora kuliko wowote niliowahi kuuona kwenye ukuta wa mji huu. Kifundo chembamba, mshipa umesimama kwa sababu mtu anakaza sana bila haja, kucha fupi zilizotafunwa. Ulikuwa unashika ile fimbo ya mungu jinsi mtu anavyoshika brashi bapa anapopaka pindo. Na kidole kidogo kilikuwa kimesimama peke yake, kimepinda, kikitazama nje.

Mwaka mzima nilijifunza mikono vitabuni. Miwili niliyokuwa nayo sikuwahi kuichora hata mara moja, maana haikunyooka.

Lerato alikuja na chai, akasimama chini. Mchana ulikuwa unakaribia, meza mbili tayari zilikuwa na watu, wanakula chini ya mungu bila kumwangalia.

"Kwa vile uko hapo," akasema, "kile kidole cha mwisho. Kimepinda, unakiona? Kinanisumbua tangu siku ya kwanza. Yule kijana wako mikono ilimshinda kweli. Kinyooshe."

Kopo la manjano lilikuwa kwenye ndoano ya ngazi. Brashi ilikuwa mkononi, mkono uleule, na kidole changu kimesimama nje kama kawaida yake, kinasikiliza redio. Nilikuwa na rula mfukoni.

"Hapana, Madam," nikasema. "Hicho kiko sawa."

Nikaipangusa brashi, nikashuka.